Kikosi Kimoja kwa Mwaka: Mwongozo Kamili wa Kupaka Rangi Visanamu vya Vita vya Kihistoria Ukiwa Mombasa

Lengo la mwaka mpya kwa mpaka rangi wa visanamu liwe kikosi kilichokamilika: kimesafishwa, kimepakwa, kimesimamishwa kwenye vitako vyake (vile vibao vidogo ambavyo kila askari husimama juu yake), na kimeshachezewa mezani japo mara moja. Ulivyonunua havihesabiwi. Vilivyo nusu rangi havihesabiwi pia. Ukishalikubali hilo, mengi yanajiamua yenyewe: ununue nini, upake vingapi kwa pamoja, na lini useme basi, hiki kimekwisha.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, hivi ni vita vya mezani. Wachezaji wawili au zaidi wanapanga askari wadogo wa plastiki au wa madini juu ya meza iliyotengenezwa ifanane na uwanja wa vita uliowahi kuwapo. Wanapima mwendo kwa rula na kurusha dadu kuamua nani kapigwa na nani kakimbia. Nusu ya raha ni mchezo, nusu ni rangi, na kwa wengi wetu hiyo nusu ya rangi ndiyo inayomaliza usiku.

Miongozo mingi iliyopo imeandikwa na watu wa nchi za baridi. Hudhani hewa yako ni kavu, maji ya bomba lako hayana chumvi, na ngozi ya askari wako inaanza na rangi ya waridi. Hapa kwetu hewa ina unyevu mwaka mzima, maji ya visima vingi yana chumvi, na askari ninaokushauri uwapake ni Waafrika. Kwa hiyo karibu kila hatua inabadilika kidogo.

Chagua pambano dogo, tena la karibu

Januari inamfanya mtu ajione ana nguvu za kupaka Waterloo. Siku ile ya mwaka 1815 walipigana watu karibu laki mbili, na hata ukisema kisanamu kimoja kisimame badala ya watu mia, bado una visanamu vinavyokaribia elfu mbili. Hiyo si kazi ya mwaka mmoja wala mitatu kwa mtu mwenye ajira na familia.

Pendekezo langu ni Gazi, Oktoba 1914. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, Wajerumani waliokuwa wakitawala upande wa Tanga walituma askari wavuke mpaka na kupanda njia ya pwani kuelekea Mombasa. Walizuiwa Gazi, kama kilomita 50 kusini mwa kisiwa. Waliowazuia ni askari wa King's African Rifles, yaani KAR, wakiongezewa askari wa Kihindi, pamoja na Arab Rifles, kikosi cha Waarabu wa pwani kilichoundwa na Arthur Wavell. Huyu Wavell alikuwa Mwingereza mwenye shamba la mkonge hapa Mombasa, na mwaka 1908 alikwenda Makka kwa kujifanya haji kutoka Zanzibar. Aliuawa vitani Mwele, Januari 1916. Mtu wa namna hiyo ukimpa kisanamu chake mezani, mchezo unapata sura.

Gazi inafaa kwa sababu tatu. Waliopigana walikuwa wachache, kwa hiyo visanamu arobaini au hamsini havidanganyi historia. Ukumbuke kwamba mwanzoni mwa vita jeshi lote la Wajerumani katika koloni lile, Schutztruppe, lilikuwa na kampuni 14 zenye askari wapatao 2,500 tu. Pili, pande zote mbili zilivaa kaki, hivyo vichupa vyako vya rangi vitatosha kwa majeshi yote mawili. Tatu, uwanja wenyewe unaweza kwenda kuutazama kwa matatu ya Ukunda na Lunga Lunga na kurudi jioni: minazi, mchanga, vichaka, na mikoko ya ghuba.

Ukitaka kikubwa zaidi, Tanga ya Novemba 1914 ipo, ambako jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000 lilishindwa na askari wapatao 1,000 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, nyuki nao wakiwauma waliokuwa vichakani. Na kuzingirwa kwa Fort Jesus na Waomani, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, ni ndoto ya kila mpaka rangi wa hapa. Lakini Fort Jesus inataka ngome, majahazi, Wareno, Waomani na Waswahili, kila mmoja na nguo zake. Iweke mwaka wa tatu.

Hesabu ya Gazi ninayoipenda ni hii: askari 20 wa KAR, askari 20 wa Schutztruppe, bombomu moja kila upande na watu watatu wa kuiendesha, na maofisa wanne. Jumla visanamu 50.

Gawa mwaka kwa pepo

Kisanamu cha milimita 28, yaani urefu wa askari mwenyewe, kikipakwa vizuri bila kujionyesha kinachukua kama saa moja na nusu, tangu kusafishwa hadi vanishi. Visanamu 50 ni saa 75. Ukikaa nusu saa kwa usiku, mara nne kwa wiki, unapata saa mbili, na kazi nzima inakwisha kwa wiki 38. Ukianza wiki ya kwanza ya Januari, unafika mwisho wa Septemba, na Oktoba unacheza Gazi katika mwezi wake. Wiki zinazobaki ni za harusi, wageni, homa, na usiku ambao stima imepotea.

Wa nchi za baridi hugawa mwaka kwa miezi. Sisi tugawe kwa hali ya hewa, maana ndiyo inayoamua kipi kinawezekana. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni wakati wa kusafisha, kuunganisha na kupulizia rangi ya chini visanamu vyote vya mwaka. Jua ni kali na mvua ni adimu. Masika, Aprili na Mei, usishike mkebe wa kupulizia kabisa. Kaa ndani, paka kwa brashi, na uwe na subira rangi ikichelewa kukauka. Kusi, kuanzia Juni, joto linapungua na jasho halidondoki juu ya meza, na hapo ndipo sehemu kubwa ya kupaka ifanyike. Agosti na Septemba ni za vitako, vanishi na mandhari, kabla mvua za vuli hazijaanza.

Kwa wanaofunga, Ramadhani inataka uamuzi mapema. Wapo wanaopaka vizuri kuliko wakati wowote baada ya tarawehe, nyumba imetulia na daku bado mbali. Wapo ambao mwezi huo hawashiki brashi. Vyovyote uamuavyo, uandike kwenye mpango tangu Januari ili usijione umechelewa. Na kwa kuwa tuko Mombasa, yupo mzee nyumbani atakayekuuliza kuhusu sanamu zenye sura. Hilo ni la kuulizwa shekhe unayemwamini, si la kuamuliwa na mpaka rangi. Ninachojua ni kwamba wengi huzihifadhi ndani ya sanduku lililofungwa na hawazipangi sebuleni.

Vifaa

Visanamu vyenyewe lazima uagize kutoka nje. Kampuni ya Brigade Games ya Marekani ina visanamu vya Vita vya Kwanza vya Afrika Mashariki, navyo ni vya madini. Madini ni mazito, na uzito ndio unaopandisha gharama ya kusafirisha, kwa hiyo agiza kikosi chote mara moja, au ungana na mwenzako mgawane mzigo. Ukitaka nafuu, tazama visanamu vya plastiki vya kipimo cha 1/72, yaani mtu halisi amepunguzwa mara 72. Ni vyepesi na sanduku moja hujaa askari, ila plastiki yake ni laini na haipendi kusuguliwa kwa tupa.

Rangi ziwe za akriliki, zinazochanganyika na maji. Vallejo ya Uhispania inauza vichupa vyenye mdomo wa kudondosha, na huo ndio mtindo unaofaa kwenye joto, kwa sababu hufungui kopo zima likakauka. Kwa Gazi unahitaji kumi tu: Chocolate Brown, Mahogany Brown, Orange Brown, Flat Earth, Khaki, Green Ochre, Iraqi Sand, Prussian Blue, nyeusi, na rangi ya chuma. Acha seti za rangi sabini. Seti kubwa zinauzwa kwa watu wenye furaha ya Januari.

Vilivyobaki vyote vinapatikana mjini. Brashi mbili nzuri, namba 1 na namba 2, zenye ncha inayojikusanya ukiilowesha. Nunua nzuri, hapa usibane pesa. Brashi pana ya bei rahisi ya kupakia poda, kutoka kwa wauza vipodozi, ndiyo bora kwa kazi ya brashi kavu, yaani kupitisha rangi kidogo sana juu juu ya sehemu zilizoinuka. Kwenye duka la hadwea chukua msasa laini kabisa, tupa ndogo, kisu chenye wembe wa kubadilisha, supaglu, gundi nyeupe ya mbao na vanishi ya maji isiyong'aa. Karatasi ya kuokea ipo supamaketi. Vifuniko vya soda havinunuliwi: kaa karibu na muuza duka, utapata mfuko mzima.

Taa iwe na mwanga mweupe. Mwanga wa manjano utakufanya uone kaki yako ni nzuri usiku, na asubuhi uione ina rangi ya haradali.

Kusafisha na kuunganisha

Kila kisanamu kimetoka ndani ya kalibu, na kalibu huacha mshono mwembamba kuanzia kichwani hadi miguuni. Upitishe wembe umelala, kwa upole, kama hukati bali unakwangua. Tazama kofia na mtutu wa bunduki, maana hapo ndipo mshono unapojificha na kujitokeza rangi ikishakaa. Kisha osha visanamu vyote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, usugue kwa mswaki wa zamani. Kalibu hupakwa mafuta ili kitu kisigande, na mafuta hayo yakibaki rangi itabanduka kwa kucha.

Visanamu vya zamani vya madini vinaweza kuwa na risasi. Usisugue tupa karibu na watoto, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, nawa mikono kabla ya kula. Na ile tabia ya kulainisha ncha ya brashi mdomoni uiache.

Supaglu hukauka kwa unyevu wa hewa, na unyevu tunao wa kutosha. Kwa hiyo hapa inashika haraka, na chupa nayo huganda haraka. Iweke ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Tumia tone dogo, kubwa halina nguvu zaidi.

Gandisha kila kisanamu juu ya kifuniko cha soda kwa tepu ya pande mbili. Kuanzia sasa utashika kifuniko, si kisanamu, mpaka mwisho.

Rangi ya chini

Rangi ya chini, ile mafundi wanayoiita andakoti, ndiyo inayoishika rangi nyingine. Ukiruka hatua hii, kazi ya mwezi itachubuka kwenye mchezo wa kwanza.

Ukipulizia kwa mkebe, adui yako ni unyevu. Alfajiri ya Mombasa inapendeza, lakini ndipo hewa inapokuwa na maji mengi zaidi. Rangi ikipita kwenye hewa hiyo inakaa na vipele au ukungu mweupe. Subiri hadi saa nne au saa tano asubuhi, jua limekausha hewa, na usimame kivulini penye kinga ya upepo. Tikisa mkebe dakika mbili kamili. Shika umbali wa sentimita 20 hadi 30, pitisha kwa mikupuo mifupi, uanze kupuliza kabla ya kufika kwenye kisanamu na uachie baada ya kukipita. Mikebe ya dukani iliyotengenezwa kwa ajili ya magari na vyuma inaweza kuyeyusha plastiki, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu visanamu vilipotoka.

Wakati wa masika, au ukikaa ghorofani bila baraza, paka andakoti ya akriliki kwa brashi. Tabaka mbili nyembamba zinashinda moja nzito. Mimi binafsi napendelea brashi hata wakati wa kiangazi, maana majirani hawalalamiki.

Rangi iwe kahawia iliyokoza. Nyeusi inaifanya kaki ionekane mfu, na nyeupe itakuandama kwenye kila pembe uliyoisahau. Kahawia ikionekana mahali ulipokosa, macho yataisoma kuwa ni kivuli.

Kaki, ngozi na mengineyo: fanya vinane kwa pamoja

Weka visanamu vinane mbele yako. Rangi moja, vyote vinane, kisha rangi inayofuata. Ukimaliza cha nane, cha kwanza kimekauka. Zaidi ya nane utachoka kabla hujaona matunda, na chini ya sita unapoteza muda kusubiri.

Rangi ya kichupani haipakwi ilivyo. Ipunguze kwa maji mpaka iwe kama tui la pili, linalotiririka lakini bado linaacha weupe pembeni mwa bakuli. Maji yenyewe yawe ya kunywa ya chupa, au ya mvua. Maji ya kisima yenye chumvi yakikauka huacha unga mweupe kwenye mikunjo ya nguo, na utahangaika kutafuta kosa kwenye rangi kumbe liko kwenye kikombe.

Upepo wa kaskazi hukausha rangi juu ya kibao cha kuchanganyia kabla hujaifikisha kwenye kisanamu. Dawa yake ni rahisi. Chukua kopo la plastiki lenye kifuniko, tandika sponji nyembamba au tishu kadhaa zilizoloweshwa, juu yake weka karatasi ya kuokea, na uchanganye rangi juu ya karatasi hiyo. Unyevu unapanda polepole na rangi inakaa hai usiku mzima. Ukifunika, kesho bado utaikuta. Siku ya tatu ioshe, vinginevyo joto letu litaipandisha harufu.

Anza na kaki kwa sababu ndiyo kubwa. Ili pande mbili zitofautiane mezani, wape KAR rangi ya Khaki na Schutztruppe rangi ya Green Ochre iliyotiwa Khaki kidogo. Katika uhalisia jua na kufua vilifanya nguo za pande zote zipauke, na hakuna askari wawili waliofanana, kwa hiyo usiogope kuongeza tone la Iraqi Sand kwa huyu na kumnyima yule. KAR walivaa kaptura, na wengi walipigana miguu mitupu au na ndara za ngozi. Askari wa Wajerumani walivaa suruali ndefu na tarbushi iliyofunikwa kaki, mbele ikiwa na alama ya tai ya fedha. Tai huyo ni nukta moja tu ya rangi ya chuma, usijitese na mabawa. Vitambaa vilivyozungushwa miguuni kutoka kifundo hadi chini ya goti vilikuwa vya buluu iliyokoza, na hapo ndipo Prussian Blue inapofanya kazi. Buluu hiyo kidogo chini ya kaki yote ndiyo inayokipa kikosi uhai.

Kwa umbo la nguo na mizigo, nenda kwenye mnara wa askari ulioko Barabara ya Jomo Kenyatta. Sanamu zake ni za shaba, hazikupi rangi, lakini zinakuonyesha mkao wa mtu aliyebeba bunduki siku nzima.

Sasa ngozi, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Askari wa KAR walikuwa Wanubi, Wayao, Wanandi, Wakamba na wengineo. Upande wa pili walikuwapo Wasukuma, Wanyamwezi, Wamanyema na Wasudani. Ukiwapaka wote rangi moja ya kahawia, umepaka kikosi cha mtu mmoja. Simama nusu saa pale Kongowea sokoni utazame mikono ya watu juani: kuna ngozi yenye wekundu ndani yake, kuna yenye udhurungi wa njano, kuna nyeusi inayorudisha buluu ya mbingu.

Kwa hiyo tengeneza michanganyiko mitatu. Wa kwanza, Chocolate Brown peke yake kwa msingi. Wa pili, Chocolate Brown na Mahogany Brown nusu kwa nusu. Wa tatu, Chocolate Brown iliyotiwa tone la Prussian Blue. Gawa visanamu vinane kwa michanganyiko hiyo bila mpangilio.

Kivuli kisitengenezwe kwa nyeusi tupu. Ongeza buluu kidogo kwenye msingi uupake chini ya kidevu, ndani ya masikio, kati ya vidole. Mwanga nao usitengenezwe kwa nyeupe. Nyeupe ikiingia kwenye kahawia inaleta kijivu, na askari wako anaonekana amepakwa majivu. Ongeza Orange Brown, kisha Flat Earth, uguse paji la uso, mgongo wa pua, mifupa ya mashavu, juu ya viganja na magoti. Mguso wa mwisho, mdogo kabisa, uwe Flat Earth iliyotiwa Iraqi Sand, kwenye ncha ya pua na paji tu. Ngozi nyeusi hung'aa kuliko nyeupe, hivyo tofauti kati ya kivuli na mwanga iwe kubwa kuliko unavyofikiri, lakini eneo la mwanga liwe dogo.

Viganja kwa ndani na nyayo vina rangi iliyopauka zaidi. Kisanamu kinachokimbia miguu mitupu, unyayo wake wa nyuma unaonekana. Upake Flat Earth na mtazamaji atajua umetazama watu. Macho, katika kipimo hiki, yaache. Kivuli chini ya nyusi kinatosha. Askari mwenye macho meupe ya duara anaonekana ameona jini.

Vilivyobaki vinakwenda haraka. Mti wa bunduki Mahogany Brown, mtutu rangi ya chuma iliyotiwa nyeusi, mikanda na vifuko vya risasi Flat Earth, singe rangi ya chuma safi.

Baada ya hapo paka kivuli cha jumla: kahawia iliyopunguzwa sana kwa maji, ikimbie yenyewe kwenye mikunjo. Isikusanyike kama kidimbwi. Inyonye kwa ncha ya brashi kavu. Usiiguse mpaka ikauke kabisa, na wakati wa masika hiyo ina maana ya kesho. Mwisho chukua ile brashi ya poda, chovya Iraqi Sand, ifute kwenye kitambaa mpaka ionekane haina kitu, kisha pitisha juu juu ya nguo. Vilivyoinuka vitashika rangi, vilivyozama vitabaki na giza. Hapo usirudi nyuma kurekebisha. Kisanamu kitatazamwa kutoka umbali wa mkono.

Brashi zioshe kwa sabuni ya kipande kila usiku, uzichonge ncha kwa vidole, uzilaze. Rangi isifike kwenye shingo ya chuma ya brashi.

Vanishi

Paka vanishi isiyong'aa, tabaka mbili za brashi. Ya kupulizia ina sheria zile zile za andakoti, ila adhabu yake ni kubwa zaidi: unyevu ukiingia inageuka nyeupe juu ya kazi iliyokamilika.

Vitako na uwanja

Duara la plastiki au kadibodi ngumu la milimita 25 linatosha kwa askari mmoja. Wengi hutumia washa za chuma, vile viduara vyenye tundu katikati vinavyowekwa chini ya nati, ili zishike kwenye sumaku. Hewa ya bahari itazila. Ukizitumia, zipake vanishi pande zote kabla ya kugandisha kitu.

Mchanga wa pwani ni mzuri lakini una chumvi. Uoshe kwa maji matamu mara kadhaa, uanike juani, uchekeche. Matumbawe na makombe yaache baharini, na ndani ya hifadhi za bahari ni marufuku kuyachukua. Paka gundi nyeupe kwenye kitako, chovya kwenye mchanga, acha usiku kucha, kisha paka Flat Earth na upitishe brashi kavu ya Iraqi Sand.

Majani makavu yanatoka kwenye makumbi ya nazi. Chambua nyuzi, kata vipande vya milimita tano, simamisha vishada kwenye tone la gundi. Nyuzi hizi huota kuvu kwenye unyevu, kwa hiyo zianike juani siku nzima kabla ya kuzitumia na uzipake vanishi baadaye. Minazi jengea shina kwa waya uliozungushwa kamba ya makumbi, makuti yake kata kwenye karatasi ngumu na upasue pembeni kwa mkasi. Chelewa za ufagio zinakuwa nyua. Kibanda cha Gazi ni kadibodi iliyopakwa gundi na mchanga laini, na paa la nyuzi za makumbi zilizopangwa tabaka kuanzia chini kwenda juu, ndivyo hasa paa la makuti linavyoezekwa.

Weka pia usufi, ule wa kujazia mito. Askari wengi wa Wajerumani mwaka 1914 walikuwa bado na bunduki za Mauser za muundo wa 1871, zinazotumia baruti ya moshi, na kila risasi ilionyesha alipojificha mpigaji. Kibonge cha usufi nyuma ya kisanamu kilichofyatua kinamwambia mpinzani kitu kile kile.

Siku ya mchezo na baada yake

Meza ya sentimita 120 kwa 120 inatosha. Upande mmoja mikoko, katikati njia ya mchanga na vibanda vitatu, upande mwingine vichaka. Schutztruppe wanatoka kusini na wana zamu nane za kuvuka. Usitoe visanamu ambavyo havijapata vanishi, hata kama mwenzako anasisitiza.

Baada ya mchezo, hifadhi kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu. Usiliache ndani ya gari mchana. Na ndani ya kopo weka kadi ngumu yenye vipande vidogo vya kila rangi uliyotumia, ubavuni umeandika mchanganyiko wake: tone ngapi za nini. Mwakani ukitaka kuongeza askari kumi wa KAR, kaki yao itafanana na ya hawa. Andika kwa kalamu ya risasi, maana wino wa kalamu ya kawaida husambaa ukipata unyevu.